Ukuta wa Wadudu: Jinsi ya Kuandaa Siku ya Kuchora Mtaani Pamoja na Watoto

Maswali ninayoulizwa kuhusu siku ya kuchora ukuta mtaani ni yaleyale. Ukuta unaombwa kwa nani? Rangi ya maji au ya mafuta? Watoto wa miaka mitatu wafanye nini? Mvua ikinyesha je? Nimeyajibu kwa simu, kwa ujumbe wa sauti, hata nikiwa nimening'inia kwenye daladala. Sasa nimeyaandika yote mahali pamoja, kama tunavyofanya mtaani kwetu Dar es Salaam. Ukiwa Tanga, Mombasa au Bujumbura utabadilisha miezi na majina ya viongozi. Kazi yenyewe haibadiliki sana.

Ninachozungumzia ni siku moja ambapo familia za mtaa zinatoka asubuhi kutafuta wadudu wanaoishi humo humo mtaani, kisha zinawachora ukutani wakiwa wakubwa kuliko watu. Wako waliofika mbali zaidi. Mmarekani Matthew Willey ameahidi kuchora nyuki 50,000 kwenye kuta za miji mbalimbali, idadi inayokaribia ya nyuki wa mzinga mmoja wenye afya, na kazi hiyo aliianza mwaka 2015. Wewe anza na ukuta wa mita 10.

Nina sharti moja, na naomba ulishike hata ukiacha mengine yote: hachorwi mdudu ambaye hamjamwona mtaani kwenu. Bila sharti hilo utapata vipepeo ishirini wa katuni, wote wanatabasamu, wote wana kope. Ukilishika, mtoto atakuja kukuvuta shati kukuonyesha kwamba panzi ana masikio tumboni.

## Chagua wakati

Kwa Pwani, masika huanza Machi na kuendelea mpaka Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba. Rangi inataka ukavu, wadudu wanataka majani mabichi. Siku nzuri kwangu ni Jumamosi za mwanzo wa Juni, mvua imekatika lakini magugu bado yamesimama. Siku ya Nyuki Duniani ni 20 Mei, na wengi hupenda kuilenga; kwa Dar ni bahati nasibu, maana masika huwa hayajaaga.

## Vitu vya kuwa navyo

Hesabu hii ni ya ukuta wa mita 10 kwa 2 na watoto kama 30.

- Rangi nyeupe ya maji: galoni mbili za lita 4. Lita moja hufunika mita za mraba 8 hadi 10 kwenye ukuta laini, na ukuta unataka mikono miwili, yaani kupakwa mara mbili. Ukuta wa tofali usiopigwa lipu unakunywa rangi karibu mara mbili, kwa hiyo ongeza.
- Rangi ya maji nyekundu, njano, buluu na nyeusi: lita moja moja. Kwa hizi na nyeupe utapata kila kitu.
- Brashi za inchi 2 kumi, za inchi 1 kumi na tano, na brashi nyembamba za kuchorea kama kumi. Rola mbili.
- Vipande vya sponji ya godoro kuukuu, vikubwa kama kiberiti.
- Makopo ya rangi, chupa za plastiki zilizokatwa, ndoo tatu za maji, sabuni, matambara.
- Msasa, brashi ya waya, chaki, uzi wa fundi, futi ya kupimia.
- Maturubai ya kutandika chini na fulana kuukuu za watu wazima. Fulana ya baba inamfunika mtoto mpaka magotini. Hakuna aproni inayoishinda.
- Vikopo vya plastiki vinavyoonyesha ndani, vyenye vifuniko vilivyotobolewa. Simu mbili zenye kamera nzuri.
- Maji ya kunywa, kitu cha kula, na kisanduku cha huduma ya kwanza.
- Mtu mzima mmoja kwa kila watoto watano. Mkiwa pungufu, punguza watoto. Hapa usifanye huruma.

## Hatua kwa hatua

1. Omba ukuta, wiki nne kabla.

Mtafute mwenye nyumba mwenyewe. Mpangaji hatoshi, hata akikuambia "hamna shida". Mara yetu ya kwanza tuliruhusiwa na mpangaji; mwenye nyumba aliporudi kutoka safari, wiki ya pili tu, fundi alikuwa ameshapaka ukuta wote rangi ya krimu, na watoto walisimama upande wa pili wa barabara wakiangalia kereng'ende wao akifutika kuanzia mkiani. Tangu siku hiyo naandika karatasi ya nusu ukurasa: ukuta upi, mchoro gani, utakaa angalau muda gani, nani atautunza. Anasaini yeye, ninasaini mimi.

Kisha pita kwa mjumbe, halafu ofisi ya serikali ya mtaa kwa mwenyekiti na mtendaji. Nenda na barua na mchoro mdogo wa rangi, watu huelewa haraka wakiona. Kama mtatumia spika za muziki au mtazuia njia ya magari, mwambie mtendaji mapema ili akuelekeze barua nyingine ipelekwe wapi. Mimi nachagua uchochoro au kiwanja cha mpira, nakwepa habari ya barabara kabisa. Ukuta wenye alama ya X ya kubomolewa uache.

Angalia pia ukuta unatazama wapi. Unaotazama magharibi una kivuli mpaka mchana, na ndio unaoutaka.

2. Andaa ukuta, wiki moja kabla. Watoto wasiwepo.

Sugua vumbi na magamba kwa brashi ya waya, osha, acha ukauke siku mbili. Palipo na ukungu mweusi, osha kwa maji yenye dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, kisha suuza sana. Usiichanganye na dawa nyingine ya kusafishia, mvuke wake ni hatari. Lipu mpya iache ikomae wiki nne kabla ya kuigusa.

*Tahadhari:* ukuta wenye rangi ya mafuta ya zamani usiusugue kwa msasa mkavu. Rangi hizo zinaweza kuwa na madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu kwa watoto zaidi ya wote. Tafuta ukuta mwingine.

Paka nyeupe mikono miwili. Mkono wa kwanza ongeza maji kidogo ili rangi iingie, wa pili paka ilivyo. Ukuta uwe umekauka siku mbili kabla ya tamasha.

3. Fanya upelelezi na watoto wawili watatu wakubwa.

Wiki hiyo hiyo, zungukeni mtaa asubuhi na tena usiku chini ya taa. Mnatafuta mdudu mkuu, atakayekaa katikati ya ukuta. Mahali pasipokosa mdudu ni hapa:

Mndimu au mlimau wowote. Geuza majani machanga. Utaona kitu kama kinyesi cha ndege, cheusi chenye baka jeupe. Mguse taratibu kwa kijiti. Nyuma ya kichwa itachomoza pembe mbili laini za rangi ya chungwa na harufu kali itakupiga puani: ni kiwavi. Wakubwa zaidi wana rangi ya kijani na hujificha vizuri kwenye majani. Baadaye watakuwa vipepeo wakubwa weusi wenye madoa ya manjano, wale wanaopita juu ya ukuta mchana bila kutua. Nimeona mama mtu mzima akipiga kelele kwa furaha, ameishi na mndimu ule miaka kumi na tano.

Mwembe. Tafuta majani yaliyoshonwa kama mpira: ni nyumba ya majimoto, wale sisimizi wekundu wanaouma. Majimoto wakubwa hushika kingo za majani, na watoto wao, wale funza weupe, ndio wenye uzi. Hubebwa mdomoni kama sindano na kupitishwa huku na huku. Majimoto hao hao hulinda minazi ya Pwani dhidi ya mdudu anayefyonza nazi changa. Usisimame chini ya mwembe ukiwa umeegemea shina.

Dimbwi na mfereji kwa kereng'ende. Magugu kwa panzi na vunjajungu. Mrehani wowote unaochanua kwa nyuki. Matairi na vifuu vyenye maji kwa mbu, na huyo nitamrudia.

4. Panga ukuta kama kanga.

Tulihangaika na mpangilio mpaka bibi mmoja wa mtaani akatuambia tuache kuteseka, kanga tunazo ndani. Kanga ina pindo, mji na jina. Ukuta vilevile:

- *Pindo:* ukanda wa sentimita 30 kuzunguka pande zote. Chini ni kazi ya watoto wadogo kabisa.
- *Mji:* mdudu mkuu katikati, wengine pembeni yake.
- *Jina:* maneno chini ya mji, herufi kubwa.

Mdudu mkuu mchore kwanza kwenye karatasi yenye miraba ya sentimita 5. Ukutani piga miraba ya sentimita 50 kwa uzi na chaki, kisha hamisha mraba kwa mraba. Nyuki ana urefu wa kama sentimita 1. Ukimchora mwenye mita 1 umemkuza mara mia, na unywele mmoja wa kifuani unakuwa na urefu wa kidole. Mistari ya chaki imalizike jioni kabla ya siku yenyewe.

5. Siku yenyewe: saa 1 asubuhi, matembezi kwanza.

Hata wakilia wanataka brashi, matembezi kwanza. Vikundi vya watoto watano, kila kikundi na mtu mzima, vikopo viwili na simu. Dakika arobaini zinatosha. Mdudu akiingia koponi anapigwa picha juu na ubavuni, anahesabiwa miguu, anarudishwa alipotoka ndani ya dakika tano, kivulini.

Wafundishe vitu vitatu tu: kichwa, kifua, tumbo. Miguu sita, na yote inatoka kifuani. Mabawa nayo yanatoka kifuani. Kosa ninaloliona kwenye kila ukuta, hata wa wasanii wazoefu, ni miguu iliyopachikwa tumboni.

Swali litakuja: "Buibui je?" Ana miguu minane, kwa wanasayansi hayumo kundi hili. Kwa Kiswahili chetu ni mdudu, pamoja na jongoo, tandu na nge. Mwache mtoto amchore, lakini miguu iwe minane.

*Tahadhari:* nyigu, nyuki kwenye mzinga na viwavi washa ni wa kutazamwa kwa mbali. Waulize wazazi mapema kama kuna mtoto anayevimba sana akiumwa na nyuki. Yule mdudu mwembamba mwenye pingili nyekundu na nyeusi, anayejulikana kama Nairobi flai, akitua kwenye ngozi apulizwe; akipondwa majimaji yake yanababua. Osha kwa sabuni mara moja.

6. Gawa kazi kwa umri.

*Miaka 3 hadi 5:* sisimizi wa kidole kwenye pindo la chini. Kidole kwenye rangi nyeusi, alama tatu zinazofuatana ukutani: kichwa, kifua, tumbo. Mtu mzima au dada anaongeza miguu sita kwa brashi nyembamba. Msafara wa mita 10 unaisha kwa saa moja, na kila mzazi anaweza kukuonyesha sisimizi wa mwanawe.

*Miaka 6 hadi 9:* wadudu wa pembeni na majani, kwa sponji na brashi ya inchi 1.

*Miaka 10 na zaidi:* mdudu mkuu na herufi.

Sehemu iliyo juu ya kimo cha mtoto ni ya watu wazima. Mtoto hapandi ngazi, meza wala mabegani kwa mtu.

7. Paka kwa mpangilio wa Tingatinga.

Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 alitumia rangi ya mafuta kwenye vipande vya hadibodi. Mpangilio wa mafundi wa mtindo wake unafaa sana kwa kundi kubwa, kwa sababu kila mtu anajua zamu yake:

Kwanza usuli, rangi moja iliyotulia. Pili umbo zima la mdudu, bila macho wala mistari, likauke. Tatu madoa, mistari, nywele na mng'aro wa jicho, juu ya rangi iliyokauka. Kati ya hatua na hatua ngojeni saa moja. Hapo ndipo mihogo ya kukaanga na juisi ya ukwaju vinapoingia, baada ya kunawa mikono.

*Tahadhari:* mtu mzima mmoja awe fundi wa rangi, achanganye yeye na kugawa kidogo kidogo. Njano na buluu ni kijani, njano na nyekundu ni chungwa, nyekundu na kijani ni kahawia. Ukiwaachia watoto makopo yote, saa 4 utakuwa na lita sita za tope.

Rangi ya kupuliza usiilete. Mvuke wake haufai kwa watoto.

8. Andika jina.

Hii ndiyo sehemu wakubwa wanaibiana brashi. Kaeni mkekani, mjadiliane kama mnachagua kanga ya harusi. Nyuki wetu waliandikiwa "Fuata nyuki ule asali". Kiwavi wa mndimu, "Mvumilivu hula mbivu". Kwa kereng'ende mzee mmoja alisema, "Mgeni njoo mwenyeji apone", nasi wote tukanyamaza kwa jinsi lilivyokaa sawa. Watafiti wanaeleza kwamba kereng'ende wa aina ya *Pantala flavescens* huvuka Bahari ya Hindi kwa upepo wa kaskazi, njia ileile ya majahazi. Tena watoto wa kereng'ende huishi majini wakila viluwiluwi vya mbu. Mgeni gani anaponya zaidi ya huyo?

Piga mistari miwili ya chaki, andika kwa chaki kwanza, hesabu herufi, ndipo upake. "Mvumilivu" imeishiwa nafasi kwenye kuta nyingi.

9. Panda kitu chini ya ukuta.

Madebe mawili ya mrehani, mche mmoja wa mndimu, na ukanda wa magugu usiofyekwa, hata upana wa hatua moja. Toboa madebe chini maji yasituame. Mpe kila mtoto mkubwa zamu ya kumwagilia, majina yaandikwe. Mrehani ukichanua, nyuki wa kweli watakuja kwenye ukuta wa nyuki.

Siku tatu baadaye, paka vanishi ya maji isiyo na rangi. Vanishi ya mafuta ya mbao inageuka manjano juani, usiitumie.

## Mambo yakienda kombo

Mvua imeanza katikati. Funika kwa maturubai kutoka juu, yasiguse ukuta. Rangi iliyokaa saa mbili juani kwa kawaida inasalimika. Iliyochuruzika ifute yote kwa tambara bichi, ngoja ukuta ukauke, anza sehemu hiyo upya.

Rangi inabanduka kama ganda baada ya wiki chache. Ukuta ulikuwa na vumbi au unyevu. Kwangua sehemu hiyo tu, osha, kausha, rudia.

Unga mweupe unatokea chini. Ni chumvi inayopanda na unyevu, kawaida sana karibu na bahari. Isugue ikiwa kavu, usiioshe kwa maji. Kama inarudi kila mwezi, maji yanatoka mahali. Tafuta bomba au mfereji unaovuja kabla ya kupoteza rangi nyingine.

Hatukupata wadudu. Mmetembea haraka. Simameni mahali pamoja, mbele ya mti mmoja, dakika kumi bila kusema.

Watoto wanataka kumchora mbu. Achorwe. Mchoreni yule mwenye mistari myeupe miguuni, anayeuma mchana na kueneza homa ya dengi, ambayo Dar iliionja mwaka 2014 na tena 2019. Anazaliana kwenye matairi, makopo na vifuu vyenye maji. Kabla ya kushika brashi, kikundi kinachomtaka mbu kizunguke mtaa na kumwaga maji yote yaliyotuama. Kila chombo kilichomwagwa kinakuwa doa moja jeupe mguuni kwake. Mbu wetu ana madoa 43.

Mtu amebandika karatasi ya tangazo juu ya mchoro. Ilowanishe kwa maji ya sabuni, ngoja robo saa, ivue taratibu. Weka akiba ya kila rangi kwenye chupa ndogo iliyofungwa vizuri, utaihitaji.

Mzazi anasema vunjajungu asiguswe, vyungu vitapasuka. Imani hiyo ni ya zamani na ndiyo iliyompa jina. Usibishane. Vunjajungu hahitaji kuguswa, mpige picha tu, na mwombe mzazi huyo awasimulie watoto. Kwetu aliyesimulia ndiye aliyeishia kumchora, akiwa na chungu kando yake, kizima.

Mtoto anaogopa wadudu. Usimlazimishe wala usimcheke. Mpe kazi ya kushika kifuniko cha kopo, yeye ndiye anayeamua lini kifunguliwe. Kwenye matembezi yetu ya mwisho msichana mmoja wa miaka sita alishika kifuniko asubuhi nzima, amerudi nyuma hatua mbili. Ilipofika saa 3 akauliza kwa sauti ndogo kama panzi aliyemo ndani anapumua. Tukamwambia asogee aangalie tumbo lake. Alisogea.